Mbao mbili za futi 12: kigoda, benchi na rafu kwa anayeanza useremala nyumbani

Benchi la kwanza nililotengeneza kwa mikono yangu lilipendeza kwa miezi minne. Nililiunda wakati wa masika, kwa mbao zilizotoka kwa muuzaji siku ileile. Nikapiga misumari mingi, nikapaka vanishi mara tatu, likawekwa mezani. Kiangazi kilipokaza, kikalio kikapasuka kwa urefu, ufa wa kuingia kidole cha mtoto, na miguu ikaanza kucheza. Binti yangu akabanwa paja kwenye ule ufa. Jioni ileile nililibomoa, na nilipokuwa nikikusanya vipande ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tatizo halikuwa misumari.

Anayeanza kazi hii hudhani kinachomkwamisha ni vifaa: hana mashine, hana drili ya umeme, hana karakana. Vifaa husaidia, lakini nimeona viti vilivyochongwa kwa patasi na msumeno wa mkono vikirithiwa na wajukuu, na vingine vya mashine vikiyumba kabla ya mwaka kuisha. Tofauti yao ni ubao kuwa mkavu, pembe kuwa mraba, na kiungo kubeba uzito badala ya kuuachia msumari. Mwongozo huu unakufundisha mambo hayo matatu kupitia vitu vitatu vya nyumbani: kigoda cha jikoni, benchi la mezani na rafu ndogo ya ukutani. Vyote vinatoka kwenye ubao mmoja wa moja kwa kumi na mbili, yaani unene wa inchi 1 na upana wa inchi 12, na mmoja wa moja kwa nne, kila mmoja urefu wa futi 12. Nimeupanga hivyo makusudi, kwa kuwa mtu anayejifunza hapaswi kujaza nyumba mbao.

Ubao wa kununua

Anza na paina. Tanzania sehemu kubwa ya mbao hizi hutoka nyanda za juu kusini, mashamba ya Iringa na Njombe, likiwemo shamba la serikali la Sao Hill wilayani Mufindi. Kenya wengi hutumia saipresi, nayo inafaa vilevile. Ni mbao laini, msumeno unapita bila kukutoa jasho jingi, na ukiharibu kipande hujapoteza fedha nyingi. Mninga, mkongo na mvule ni mbao za heshima, lakini ziache mpaka mkono ukomae. Mkongo ni mgumu kwa patasi isiyonolewa vizuri, na vumbi la mninga na mvule huwasumbua watu wengi kifuani na kwenye ngozi.

Ukifika kwa muuzaji usikubali kuchaguliwa. Inua ubao kwa ncha moja, uelekeze jicho kwenye ukingo wake kama anayelenga shabaha, utazame hadi mwisho. Uliopinda kidogo kama upinde unaweza kunyooshwa mashineni. Uliojinyonga, yaani kona moja imeinuka na ya pili imelala, uache hapohapo. Angalia ncha: ukiona kile kiduara cha kiini cha mti katikati, rudisha, kwa sababu ubao wenye kiini hupasuka hapo unapokauka. Vifundo vidogo vilivyoshikamana na mbao havina shida. Vifundo vyeusi vinavyocheza, au vilivyo ukingoni kabisa, vitakutesa kwenye viungo.

Halafu uliza kama mbao zimetiwa dawa. Mbao za kuezekea mara nyingi hutiwa dawa ya mchwa, na zile zenye rangi ya kijani kibichi kwa kawaida zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Hizo ni za paa na uzio. Usitengenezee kigoda cha jikoni, kitanda cha mtoto wala rafu ya vyombo, na vipande vyake visitumike kamwe kuwashia jiko, kwa kuwa arseniki hubaki kwenye majivu na moshi. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona vipande hivyo vikikusanywa kwa ajili ya kuni kwenye nyumba zinazojengwa.

Wanaotumia mbao za paleti watazame muhuri. Paleti za safari za kimataifa hupigwa alama yenye suke la ngano, pamoja na herufi zinazoonyesha zilivyotibiwa. HT zimetibiwa kwa joto, zinafaa. MB zimefukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromidi, ziache. Isiyo na alama yoyote hujui imebeba nini, kwa hiyo usiiingize ndani.

Kukausha, hatua inayorukwa na wengi

Muuzaji atakwambia ni kavu. Inawezekana anasema kweli kwa kipimo cha mwezeka paa. Kwa fanicha bado.

Mbao iliyopasuliwa juzi imejaa maji, na inapokauka hupungua upana. Urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Ubao wa sentimita 29 ukikaushwa ukiwa tayari umepigiliwa unaweza kupoteza milimita 6 au zaidi, na kwa kuwa misumari imeushika pande zote mbili, hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Huo ndio ufa uliombana binti yangu.

Tafuta mahali penye paa na upepo: baraza, kibanda, chini ya upenu. Panga vijiti vya unene sawa sakafuni, kila baada ya sentimita 50. Laza ubao wa kwanza, weka vijiti vingine juu yake palepale vilipo vya chini, kisha ubao wa pili. Juu kabisa weka tofali mbili tatu ili mbao zisijikunje. Paka ncha rangi yoyote iliyobaki au nta ya mshumaa, kwa maana maji hutoka kwa kasi zaidi nchani na huko ndiko nyufa huanzia. Jua la moja kwa moja liepuke.

Utajuaje zimekauka? Pima uzito. Chukua ule ubao mwembamba wa moja kwa nne, uufunge kwenye mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki, uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe pamoja na tarehe. Rudia kila wiki. Uzito utashuka, utashuka, halafu utasimama. Ukiona wiki mbili mfululizo haujabadilika, maji yaliyobaki yamelingana na hewa ya hapo kwenu, na hapo ndipo pa kuanzia. Uache mpana wiki mbili zaidi. Kwa paina ya inchi moja hutegemea msimu: kiangazi inaweza kuwa kama mwezi, masika ikafika miezi mitatu.

Baada ya kukauka, si kabla, peleka mbao kwenye mashine ya kuranda. Karibu kila mtaa wenye mafundi pana mashine, na hulipwa kwa futi. Mwambie mwenye mashine apitishe pande zote mbili mpaka unene ufike takriban sentimita 2.2, kisha anyooshe kingo. Ukiranda ubao ungali mbichi utajikunja ukikauka na fedha yako imepotea.

Vifaa

Msumeno wa mkono wenye meno madogo, futi kamba, skwea (kipimo cha pembe mraba), penseli ngumu na kisu kikali, patasi ya inchi moja, nyundo, bisibisi, drili ya mkono au ya umeme, jiwe la kunolea, gundi nyeupe ya mbao, skrubu za inchi 2, msasa. Huhitaji zaidi ya hivi. Mwenye patasi butu hana patasi, kwa hiyo inoe mpaka iweze kunyoa kichwa cha ubao laini, yaani ncha yake iliyokatwa kukatiza nyuzi, bila kuuponda.

Skwea ichunguze kabla ya kuiamini, hasa kama ni ya bei nafuu. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari kwa kisu. Igeuze upande wa pili, iegemeze kwenye ukingo uleule, uchore tena kutoka nukta ileile. Mistari ikilala mmoja juu ya mwingine, skwea ni nzima. Ikipishana na kufanya kabari nyembamba, irudishe dukani. Kwa pembe kubwa tumia njia ya waashi: sentimita 30 upande mmoja, 40 wa pili, na kutoka ncha hadi ncha ziwe 50 kamili.

Kama huna vibanio vya kukazia gundi, kamba na kijiti vinatosha. Zungusha kamba mara mbili kwenye kazi, ingiza kijiti katikati ya nyuzi mbili, kizungushe mpaka kamba ikaze, kisha kifunge kisirudi. Weka vipande vya kadibodi pembeni ili kamba isiache alama.

Vaa barakoa unapopiga msasa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani mwaka 1995. Fanyia kazi hiyo nje, watoto wadogo wakae upande upepo unakotoka.

Mpango wa kukata

Ubao wa moja kwa kumi na mbili una urefu wa sentimita 366 na, ukisharandwa, upana wa karibu 29. Kutoka humo toa kikalio cha benchi 110, miguu miwili ya benchi 43 kila mmoja, kikalio cha kigoda 35, miguu miwili ya kigoda 18 kila mmoja, rafu 60, na kipande cha 24 cha vishikizo vya rafu. Jumla ni 351. Sentimita 15 zinazobaki ni za kukata ncha zilizopasuka na za njia ya msumeno, ambayo hula karibu milimita 3 kila mkato. Ukisahau njia ya msumeno, kipande cha mwisho kitakuwa kifupi.

Kutoka kwenye moja kwa nne toa mbili za sentimita 100 na mbili za 30. Hizi ninaziita mbavu, kwa kuwa kazi yake ni kushika miguu isifunguke.

Usichore vipande vyote kwa mara moja. Pima kimoja, kata, kisha pima kinachofuata kutoka kwenye ncha mpya. Na vipande vinavyopaswa kulingana, kama miguu, cha pili kichorwe kwa kulaza cha kwanza juu yake. Futi kamba hukosea kidogo kila inaposomwa. Kipande chenyewe hakikosei.

Ikiwa kwenu moja kwa kumi na mbili haipatikani na umebaki na moja kwa kumi, benchi lifanye fupi, sentimita 35 kwenda juu, liwe la watoto. Benchi jembamba lililo refu kwenda juu humwangusha anayeinuka upande mmoja.

Kigoda kwanza

Usianze na benchi. Kigoda kina viungo vilevile kwa udogo, na ukikosea umekosea kwenye kipande cha sentimita 18. Urefu wa sentimita 20 unamfaa mtu anayekaa mbele ya jiko la mkaa au anayechambua mchele. Kama mwenye kigoda ni mama mzee mwenye magoti mazito, ongeza miguu mpaka 25. Vipimo vya fanicha ya nyumbani viko kwenye miili ya watu wa nyumba hiyo, kwa hiyo mkalishe atakayeitumia juu ya tofali na vitabu mpaka aseme hapo pananifaa, kisha upime.

Punguza upana wa miguu uwe sentimita 27, ili kikalio kitokeze sentimita moja kila upande. Punguza na mbavu mbili za 30 ziwe na upana wa sentimita 6, zisiulemee mguu mfupi.

Sasa pengo, ambalo ndilo kiini cha somo zima. Kila mguu, kwenye kona zake mbili za juu, unakatwa pengo ambamo ubavu utalala. Kina chake ni unene wa ubavu, na urefu wake ni upana wa ubavu. Usipime kwa futi. Simamisha ubavu wenyewe juu ya kona ya mguu, mahali utakapokaa, na uchore kuuzunguka kwa kisu. Mstari wa kisu hukata nyuzi za juu, na msumeno ukifika hapo hauchani ubao.

Tia alama ya msalaba upande utakaotupwa, ili mkono usichanganyikiwe. Weka msumeno upande wa msalaba, ukigusa mstari bila kuumeza. Anza kwa kuvuta nyuma mara mbili tatu taratibu, kidole gumba kikiongoza, mpaka njia ijichimbe. Halafu sukuma kwa urefu wote wa msumeno bila kuukandamiza. Bega, kiwiko na msumeno viwe kwenye mstari mmoja; kiwiko kikitoka nje, mkato utapinda. Kata kwanza kushuka na nyuzi, kisha kata kwa kupitia nyuzi, kipande kitaanguka. Malizia kwa patasi, ukinyoa kidogokidogo kutoka pande zote mbili kuelekea katikati.

Jaribu ubavu. Uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo, nyoa kidogo. Ukicheza, pengo limekuwa kubwa: gundisha unyoya mwembamba wa mbao ndani yake, uache ukauke, ukate upya. Usijaze uwazi kwa gundi na unga wa mbao ukadhani umepona, maana mchanganyiko huo hauna nguvu ya kubeba mtu.

Chini ya kila mguu kata umbo la V lililopinduliwa, kina cha sentimita 5, ukiacha sentimita 6 kila upande. Sasa kigoda kinasimama kwa nukta nne badala ya kingo mbili ndefu, na sakafu isiyo sawa haitakisumbua sana.

Unganisha kwanza bila gundi. Ukiridhika, paka gundi kwenye mapengo, ingiza mbavu, na upime kwa mshazari kutoka kona hadi kona ya mkabala, pande zote mbili. Urefu ukilingana, ni mraba. Usipolingana, sukuma ile kona yenye urefu mkubwa kabla gundi haijashika. Toboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu, kisha kaza skrubu mbili kila kiungo, kupitia ubavu hadi kwenye mguu.

Kikalio kinafuata: gundi kidogo juu ya mbavu, na skrubu zishuke kwenye mbavu, si kwenye vichwa vya miguu. Skrubu inayoingia kwenye kichwa cha mbao inapita katikati ya nyuzi kama mtu anayechomeka kijiti kwenye fagio, inatoka kirahisi. Inayoingia ubavuni inazikata nyuzi na kung'ang'ania.

Kama unatumia misumari badala ya skrubu, igonge ncha yake kidogo kwa nyundo kabla ya kuipigilia karibu na mwisho wa ubao. Ncha butu hukandamiza nyuzi mbele yake, ncha kali huzitenganisha na kupasua.

Acha kigoda kipumzike usiku mzima. Gundi nyeupe hushika ndani ya saa moja, ila nguvu yake kamili huja baada ya kama saa 24.

Benchi

Ukishamaliza kigoda, benchi umeshalitengeneza. Kilichobaki ni ukubwa. Miguu ya 43 pamoja na kikalio cha 2.2 inatoa urefu wa sentimita 45, unaofaa meza ya 75. Anayekula anahitaji karibu sentimita 60 za kiwiko, kwa hiyo sentimita 110 zinawatosha watu wazima wawili wasiogombana au watoto watatu.

Miguu ipunguze upana hadi 27 kama ya kigoda. Hapa mbavu zibaki na upana wake wote, karibu sentimita 9, kwa sababu ndizo zinazozuia kikalio kisilalie katikati. Mbavu ni 100, kikalio 110, basi kinatokeza sentimita 5 kila mwisho. Miguu iingie sentimita 15 kutoka kila ncha ya kikalio. Ukiisogeza karibu sana na katikati, mtu akikaa mwishoni benchi litainuka; ukiipeleka mwisho kabisa, sehemu ya kati inakuwa ndefu na kulegea. V ya chini iwe na kina cha sentimita 12.

Nyuzi za miguu zisimame wima. Nimeona wanaoanza wakiweka mguu wenye nyuzi za kulala ili kubana matumizi ya ubao, na ukapasuka chini siku benchi liliposukumwa. Nyuzi zikiwa wima kuna faida nyingine: upana wa mguu na upana wa kikalio huelekea upande mmoja, hivyo hewa ikibadilika vyote hupanuka na kupungua pamoja. Ndiyo maana umbo hili la mbao tano linafaa kwa mwambao, ambako masika na kiangazi ni hewa mbili tofauti kabisa.

Kuunganisha benchi kunahitaji watu wawili. Mwanangu wa miaka tisa hushika ubavu upande wa pili, na yeye ndiye anayepima kona kwa kona na kuniambia kama zimelingana. Kazi hiyo inamfaa mtoto, haina kifaa cha kukata, na jibu lake linategemewa kweli.

Likiyumba baada ya kukauka, usikimbilie kukata mguu mmoja. Liweke mahali palipo sawa kabisa, sakafu ya vigae iliyopimwa kwa pimamaji. Tia kabari chini ya mguu mfupi mpaka litulie na kikalio kilale sawa. Laza penseli juu ya kipande chembamba cha mbao, ukizungushe kwenye nukta zote nne za miguu, ili mstari uwe na kimo kilekile kutoka sakafuni. Kata kwenye mstari huo.

Rafu

Hapa nitapita haraka, maana pengo umeshalijua. Ubao wa 60 pasua kwa urefu: upana wa 20 uwe rafu, na ule mwembamba wa karibu 9 uwe wa kushika ukutani. Kipande cha 24 kipunguze upana uwe 18, kisha kikate kutoka kona hadi kona upate pembetatu mbili. Upande wa 24 ndio utakaolala ukutani. Kwenye kona yake ya juu kata pengo, uchore kwa kutumia ule ubao mwembamba wenyewe, kama ulivyofanya kwenye kigoda. Ncha kali za pembetatu zikate sentimita moja, zina nyuzi fupi na huvunjika.

Gundisha pembetatu kwenye ubao wa ukutani na upige skrubu kutokea nyuma. Kisha laza rafu juu, uishike kwa skrubu kwenye ubao wa ukutani. Ukuta wa tofali za saruji toboa katikati ya tofali, si kwenye maungio, tia plagi za plastiki na ukaze skrubu za inchi 2.5, nne au zaidi. Ukuta wa udongo usitundike rafu ya vyombo. Fanya rafu ya kusimama sakafuni.

Msasa na vanishi

Msasa namba 80 uondoe alama za mashine, 120 ulainishe, 220 umalizie. Fuata nyuzi daima. Mkwaruzo wa kukatiza hauonekani mpaka vanishi iingie, na hapo umechelewa. Zungusha kingo zote za kikalio mpaka zisiumize paja. Kabla ya 220 futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu na uache ukauke. Nyuzi ndogo zitasimama, utazikata, na hazitasimama tena.

Koti la kwanza la vanishi lipunguze makali kwa kiyeyusho ili linyweke. Mawili yanayofuata yawe membamba, ukipitisha 220 kwa wepesi katikati. Siku ya mvua usipake, hewa yenye maji huifanya vanishi iwe na ukungu mweupe. Ukitumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, matambaa yaliyolowa mafuta hayo yatandaze nje yakauke. Yakiachwa yamefinyangwa kwenye ndoo yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe.

Nyayo za miguu zisisahauliwe. Mimina vanishi kidogo kwenye kifuniko cha kopo na usimamishe kila mguu ndani yake kwa dakika chache mpaka inywe. Sakafu hupigwa deki kila siku, na kichwa cha mbao kisichofungwa hufyonza maji kama utambi. Kigoda cha jikoni kirudie hivyo kila mwaka.

Kiangazi cha kwanza kikifika, geuza benchi na kigoda, uzijaribu skrubu zote kwa bisibisi. Zitazunguka robo au nusu, kwa kuwa mbao imepungua kidogo zaidi. Zikaze kwa mkono, si kwa drili. Ile sentimita 106 iliyobaki ya moja kwa nne ihifadhi kavu kwa kazi ijayo, na maranda ya mbao isiyo na dawa yapeleke kwenye banda la kuku.